Deni Kalipa, Jina Wamebaki Nalo

Nilipomwambia Mwenzangu kwamba nataka kuandika haya, aliniomba jambo moja tu: nisilitaje jina lake. "Limeandikwa vya kutosha," alisema. Kwa hiyo humu ataitwa Mwenzangu, au Mwalimu, kama wanavyomwita wanafunzi wake, makondakta wa matatu na hata yule karani wa benki aliyemnyima kadi.

Ilikuwa Februari 2024. Laptopu yangu ilikufa nikiwa katikati ya sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamili. Fundi aliifungua, akaipuliza vumbi, akatikisa kichwa. Bodi imeungua, akasema, na bei ya bodi haina tofauti kubwa na bei ya laptopu kuukuu. Nilirudi nyumbani nikaanza kuandika kwa mkono. Sikumlilia Mwenzangu, lakini tunaishi chumba kimoja na jiko, na mtu akinyamaza katika chumba kimoja husikika.

Wiki hiyo hiyo vijana wa mauzo wa benki moja walifika katika shule ya kibinafsi anakofundisha. Walikuja saa ya chai na fulana zao mpya na fomu zao, wakawaambia walimu kwamba kadi ya mkopo haina riba ukilipa kabla ya siku kadhaa kwisha. Yeye akajaza fomu. Hakuniambia. Alitaka siku moja aingie na laptopu mkononi, aiweke mezani juu ya karatasi zangu, akae kimya aone nitafanya nini.

Jibu lilikuja kwa meseji baada ya siku nne: ombi lako halikufaulu kwa sasa. Alikaa na meseji ile wiki tatu. Niliiona mimi mwenyewe nilipochukua simu yake kuangalia tarehe. Sikuwa na haki ya kuisoma, nakiri, lakini niliisoma, na nikamuuliza kwa sauti ambayo hadi leo natamani ningeipunguza.

Jumamosi tukaenda katika tawi la benki. Karani alikuwa kijana mpole, wa umri wetu. Aliangalia kioo chake, akatuangalia, akapunguza sauti kama daktari mwenye majibu mabaya: "Mwalimu, uko CRB."

Msomaji wa Kenya ameisikia sentensi hii, au ameisema. Mimi nasoma isimu ya Kiswahili, kwa hiyo ilinikwama kooni kwa sababu nyingine pia. Hatusemi "una deni ambalo hujalipa." Hatusemi "kuna taarifa mbaya kukuhusu." Tunasema *uko* CRB. Hicho *-ko* ni kiambishi cha mahali. Ndicho tunachotumia kwa aliye hospitalini na kwa aliye jela. Lugha imeelewa kilichotokea kuliko sheria ilivyoelewa: mtu amepelekwa mahali, amefungiwa huko, na sisi tunaomtafuta tunaulizana atatoka lini.

Tukaomba ripoti yake. Kila mtu ana haki ya kupata moja bila malipo kwa mwaka, na hili nalisema kwa sauti kwa sababu wengi hawalijui na wapo matapeli wanaouza kile ambacho ni bure. Tuliifungua kwenye simu tukiwa tumesimama kituoni. Ilikuwa na mkopo mmoja tu mbaya. Mkopo wa simu. Shilingi 2,800, zilizochukuliwa Januari 2021, ambazo kwa riba zilikuwa zimepita 3,200.

"Si wangu huu," akasema. Nilifurahi kwa dakika kumi hivi. Tulipompigia mkopeshaji, dada wa huduma kwa wateja akatusomea tarakimu nne za mwisho za laini iliyokopa. Mwenzangu akaikata simu pole pole. Akasema: "Ni laini ya nyumbani."

Nyumbani kwao ni Kaloleni, kaunti ya Kilifi. Mwaka 2019 mama yake alipotelewa na kitambulisho, na bila kitambulisho huwezi kusajili laini, na bila laini huwezi kupokea pesa. Mwenzangu akafanya walichofanya maelfu ya watoto wanaopendwa na wazazi wao: akasajili laini kwa kitambulisho chake, akaitia katika simu ya nyumbani, akairudisha kwa mama. Mama hasomi meseji, husomewa. Aliyemsomea, na aliyeijua nambari ya siri, ni kitinda mimba, aliyekuwa na miaka kumi na mitano wakati huo. Pesa zote za ile nyumba zilipitia laini ile: za Mwenzangu, za shangazi aliyeko Mtwapa, za nazi zikiuzwa. Mitambo ya wakopeshaji huzipenda laini za namna hiyo. Ikamfungulia mlango wa mkopo.

Kumbukeni Januari 2021 ilikuwaje. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na walimu wengi wa shule za kibinafsi wakaachwa bila mshahara. Mwenzangu alikuwa mmoja wao. Aliuza mayai kwa baiskeli, akafundisha watoto wa jirani kwa unga. Januari shule zikafunguliwa kikamilifu na yule mdogo, wakati huo yuko kidato cha tatu, akatakiwa kurudi bwenini na godoro, viatu na baki ya karo. Alijua kaka yake hana. Hakutaka kumuomba mtu asiye na kitu. Akabonyeza simu ya mama, akakopa 2,800, akarudi shule. Alidhani nazi zitauzwa na mama atalipa. Mama hakujua kuna deni. Na simu yenyewe mwaka uliofuata ikatumbukia katika ndoo ya maji, laini ikafa nayo.

Hiyo ndiyo jinai yote. Kijana alikopa ili asimwelemee kaka yake, na kaka alikuwa ametoa jina lake ili asimwache mama. Katika nyumba ile sijaona tapeli hata mmoja. Lakini daftari la mikopo halina safu ya mambo haya. Lina nambari moja ya kitambulisho, na mtu mmoja aliyeshindwa.

Sasa niseme yaliyonihusu, kwa sababu nisipoyasema nitakuwa mnafiki. Shirika la kwanza kumpima Mwenzangu lilikuwa mimi. Kabla hatujaijua ile laini ni ya nani, nilimtaka atoe taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, nikaipitia kwa kalamu ya njano. Hizi 1,500 za kila tarehe tano ni za nani? Za mama. Hizi 700? Mzazi wa mwanafunzi aliyefiwa. Na 300, 300, 300? Za mlinzi wa shule, huwa hana nauli ya mwisho wa mwezi. Nilimhoji kama afisa wa upelelezi na yeye akajibu kama mshukiwa, ameinamisha kichwa, na kadiri alivyojibu ndivyo nilivyozidi kuona kwamba karatasi niliyoshika ni orodha ya watu wanaomtegemea. Rafiki yangu mmoja alikuwa amenitania: siku hizi kabla ya mahari mtu aulizwe cheti cha CRB. Nilicheka. Nilicheka huku nikiwaza kwamba labda ana hoja. Sumu ya jambo hili ndiyo hiyo. Halikai benki tu. Linakuja mezani, linakaa kati yako na mtu wako, na linakufundisha kumtazama kwa jicho la mkopeshaji.

Watu wenye busara walitupa ushauri wa aina mbili.

Wa kwanza: pinga. Kuna utaratibu wa kupinga taarifa isiyo sahihi, na ni haki yako kisheria. Lakini upinge useme nini? Kwamba si wewe uliyekopa. Basi ni nani? Na kama mtu mwingine alitumia jina lako bila ruhusa, hilo ni kosa la jinai, na utakachoambiwa ni kwenda kituo cha polisi ukaandikishe. Yaani njia iliyonyooka ya kuliosha jina la Mwenzangu ilikuwa kumshtaki mtoto wa mama yake kwa kosa la kwenda shule. Nilipolisema hili kwa sauti, nikijaribu tu kuona linasikikaje, aliniangalia kwa namna ambayo sijawahi kumwona akimwangalia mtu. Hatukulirudia tena.

Wa pili: lipa. Dawa ya deni ni kulipa. Methali hii imetumika sana kufunga midomo ya watu, na mimi niliyelelewa nayo niliiamini. Tukalipa. Jumatatu saa mbili asubuhi, deni lote na riba yake yote, kwa pesa niliyokuwa nimeiweka ya kuchapishia tasnifu. Meseji ya shukrani ikaja. Mwenzangu akavuta pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu Februari.

Baada ya wiki kadhaa tukaangalia ripoti tena. Pale palipoandikwa kwamba deni halijalipwa sasa pameandikwa kwamba limelipwa. Vizuri. Lakini mstari wenyewe uko pale pale, na kanuni zinasema utakaa pale miaka mitano. Mitano inayohesabiwa tangu siku ya kulipa, wala si tangu siku ya kukopa. Jina la Mwenzangu litatakata Machi 2029. Yule mdogo, kwa neema ya Mungu, atakuwa ameshamaliza chuo. Kwa deni la 2,800.

Basi nauliza, na naomba nijibiwe na wanaotuhubiria: hii ni dawa ya namna gani? Mgonjwa amekunywa dawa, daktari mwenyewe ametia saini kwamba amepona, kisha akaandika chini kwamba asiruhusiwe kutoka wodini kwa miaka mitano. Wazee walipotunga methali ile walikuwa wanazungumza na mtu anayedaiwa na mtu. Mdai alipolipwa aliachilia. Alikuwa hana la kufanya ila kuachilia, kwa sababu kesho mtakutana msibani. Hawakuijua mashine inayolipwa na isiyosahau.

Wataniambia: mlionywa. Kweli, kanuni zinamtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina. Sina sababu ya kudhani haikutumwa. Ilitumwa kwenye laini, kwa simu ya mama asiyesoma, na msomaji wake yuko bwenini. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kurekebisha mikopo ya simu: benki ziwapunguzie wenye madeni yaliyochelewa angalau asilimia 50, na waliobaki na salio wapewe hadi mwisho wa Mei 2023 kulipa. Ulikuwa mpango mzuri, na uliwalenga watu zaidi ya milioni nne. Kama Mwenzangu alikuwa miongoni mwao, habari zake zilikwenda kwenye laini iliyokuwa imezama ndani ya ndoo. Onyo na msamaha, vyote viwili, vilipelekwa kwenye simu. Adhabu ndiyo peke yake iliyopelekwa kwa mtu.

Wataniambia pia: mashirika haya yana faida. Nakubali, na nakubali kwa moyo mmoja. Zamani aliyekopeshwa na benki alikuwa na hati ya shamba, au payslipu ya serikali, au mjomba ndani ya benki. Mwanamke anayeuza samaki Kongowea hakuwa na chochote cha kuweka mezani. Tangu M-Shwari ilipokuja mwaka 2012, na Fuliza mwaka 2019, mtu huyo anaweza kukopa akiwa sokoni, na kitu kinachomdhamini ni rekodi yake ya kulipa. Pesa inayokopeshwa ni amana za watu, na mwenye amana ana haki ya kujua anayepewa. Nisingependa kurudi kule kwa mjomba ndani ya benki, sina mjomba.

Lakini kukubali kwamba daftari linahitajika si kukubali kila kinachofanywa na daftari. Aprili 2020 Benki Kuu yenyewe iliona kwamba watu wanachafuliwa kwa madeni ya kununulia sukari, ikaweka kiwango: deni lisilofika shilingi 1,000 lisipeleke jina la mtu CRB. Basi tumekwisha kukubaliana kwamba udogo wa deni ni jambo la kuzingatiwa. Kinachobaki ni kubishana juu ya tarakimu, na mimi nasema 1,000 haitoshi hata kubeba mkate, maziwa na unga wa wiki moja katika nyumba yenye watoto. Na anayedaiwa 2,800 akalipa yote, na anayedaiwa milioni mbili akalipa kwa kusukumwa na madalali, wote wawili wanawekewa miaka ile ile mitano. Hata hakimu hufunga kwa kupima kosa.

Kuna kubwa zaidi. Soma tangazo lolote la kazi ya umma. Utaombwa cheti cha polisi wa upelelezi, cha kodi, cha mkopo wa elimu ya juu, cha tume ya maadili, na cha CRB. Yaani tumeamua kwamba kijana aliyeshindwa kulipa kwa sababu hana kazi asipewe kazi kwa sababu alishindwa kulipa. Mwenzangu hafundishi kwa alama yake ya mkopo. Anafundisha hesabu darasa la sita, na watoto wake hufaulu. Sijui ni sehemu gani ya kugawanya kwa desimali inayoharibika mwalimu akiwa na deni la simu.

Karani yule mpole alitupa ushauri wake tulipomrudia na uthibitisho wa malipo. Aliutoa kwa nia njema na ndio ulionikera kuliko yote. Alisema kulipa peke yake hakutapandisha alama haraka. Inabidi mfumo uone unakopa na kulipa, unakopa na kulipa. "Kopa kidogo kidogo, Mwalimu. Hata kama huna shida."

Hata kama huna shida! Shirika moja kati ya matatu yenye leseni hupima watu kuanzia 200 hadi 900, na aliye chini ya 400 huhesabiwa ameshindwa kulipa. Mwenzangu alikuwa 371. Ili kupanda, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa amejizuia kukopa alifundishwa kukopa. Ikachukua miezi kabla ya mkopeshaji mmoja kumfungulia mlango wa shilingi 500. Tukaanza. Kila tarehe mbili anakopa 500 asizozihitaji, zinakaa kwenye simu kama mgeni asiyekaribishwa, na tarehe sita anazirudisha na ada ya asilimia saba na nusu. Niliandika yote katika daftari la mraba: shilingi 37 na senti 50 kila mwezi, ukiacha ushuru. Ni kiasi kidogo, najua. Nauli ya kutoka hapa hadi steji ya pili. Ila ni kodi inayotozwa kwa sababu ya jina, na analipa mtu ambaye tayari ameshalipa.

Na tazama alama hiyo inapima nini. Nyanya yangu hajakopa maishani mwake. Kwa mfumo huu hajulikani kama ni mwaminifu au la. Mtu anayeishi kwa mkopo mmoja kulipia mwingine, madhali anawahi tarehe, ana alama nzuri. Halafu tunaambiwa, katika semina za kanisani na vipindi vya redio vya saa moja asubuhi, kwamba alama ya mkopo ni kioo cha tabia yako, kwamba wenye alama mbaya hawana nidhamu ya pesa. Nimesikiliza vipindi hivyo nikiwa na ile karatasi ya kalamu ya njano mkononi. Nidhamu gani mnayoizungumzia? Mtu anayetoa 1,500 kila tarehe tano bila kukosa, mshahara uje usije, ana nidhamu kuliko benki yoyote niliyowahi kuidai. Ni kwamba tu aliowalipa hawana mtambo wa kutuma taarifa. Mama wa Kaloleni hatumi faili Nairobi kila mwezi kusema: mwanangu amelipa, tena kabla ya tarehe.

Walimu wa shule yao wana chama. Ni watu kumi na wawili, shilingi elfu moja kwa mwezi kila mmoja. Mweka hazina wao, kwa mwaka wa tatu sasa, ni Mwenzangu. Wakati benki inamwandikia kwamba haaminiki, alikuwa ameshika elfu themanini na kitu za wenzake, na hakuna aliyeamka usiku kuzihesabu. Sisemi vyama ni pepo. Mwaka juzi mwanachama mmoja alihama mji na elfu kumi na nne, wakamfuata hadi kwa wakwe zake, na ilikuwa aibu ambayo sitaki kuisimulia. Lakini alipolipa, akarudishwa. Yuko kwenye chama hadi leo. Hawamwazimi zaidi ya elfu tano, na kila mtu anajua kwa nini, na Krismasi wanachinja pamoja.

Laptopu hii ninayoandikia ilitoka humo. Mwenzangu aliona haya kukopa pesa anazozitunza mwenyewe, kwa hiyo nilimsindikiza kikaoni, nyuma ya darasa la tano, tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Alieleza shida. Akaeleza pia CRB, ingawa hakuulizwa, alitaka wajue. Mwenyekiti, mama mmoja anayefundisha darasa la kwanza, alimsikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja: "Utaweza elfu tatu kwa mwezi, Mwalimu, na ile pesa ya mama usiiguse?" Akasema ataweza. Wadhamini wawili wakatia saini kwenye daftari la kurasa 96. Zile dakika ishirini zilikuwa uchunguzi mkali kuliko wa benki, kwa sababu mama yule alijua la kuuliza. Alijua kuna pesa ya mama.

Nataka mambo ambayo si ya ajabu. Deni dogo likilipwa lote, lifutwe, mstari na historia yake. Cheti cha CRB kiondolewe katika kazi ambazo hazishiki pesa za watu. Notisi iende kwa mtu, kwa njia zaidi ya moja, kabla jina halijaenda popote. Na Benki Kuu, ambayo imewahi kuziambia benki zisimnyime mtu mkopo kwa sababu ya taarifa mbaya peke yake, iwaulize ni wangapi kama Mwenzangu wameandikiwa "halikufaulu kwa sasa" bila mtu kufungua faili yao hata mara moja.

Alama yake mara ya mwisho kuiangalia ilikuwa 438. Tulikula chapati siku hiyo. Sioni haya kusema nilifurahi, japokuwa nilikasirika kwamba nimefurahi.

Desemba tulikwenda Kaloleni. Mdogo wake alifika kutoka Mombasa, amerefuka, ana kitambulisho chake, anasomea umeme wa magari. Alijua. Mwenzangu alikuwa amemwambia kwa simu, kwa maneno machache. Siku ya kwanza kijana hakuweza kukaa naye chumba kimoja. Siku ya pili alinifuata jikoni akaniwekea shilingi elfu moja juu ya mtungi, akasema, "Shemeji, zilizobaki nitaleta," akatoka mbio. Nilimrudishia. Akazikataa. Nikamrudishia tena kwa mkono wa mama, naye hakuthubutu kumkatalia mama.

Mama ana simu mpya ndogo, ya vibonyezo, aliyoletewa na shangazi wa Mtwapa. Haina laini. Amekuwa akitumia ya kijana, na kijana anarudi chuoni nayo Januari. Kitambulisho chake aliomba upya, akapewa karatasi ya kusubiri, na karatasi imekunjwa na kukunjuliwa hadi maandishi yamepauka. Jioni ya tarehe 27 tulitembea watatu hadi dukani sokoni, mama katikati. Kijana wa duka akauliza ni nani anasajili. Mwenzangu akaingiza mkono mfukoni. Nikamwona akisita, labda kwa kiasi cha kupepesa macho mara moja, na mama akaona pia ingawa hakuelewa.

"Subiri," nikasema. Nikafungua mkoba, nikampa kijana wa duka kitambulisho changu.